Mistari ni ya Wote, Rangi ni ya Nakala Moja: Namna ya Kusoma Picha ya Zamani ya Mti Uliochanua

Chukua picha ya kibotania ya miaka ya 1820 au 1830. Tawi la mti limesheheni maua mekundu, majani yamepangwa kwa utulivu, chini kuna ua lililopasuliwa kuonyesha viungo vyake vya uzazi, na ukingoni kuna jina la Kilatini. Karibu kila anayeiona huuliza kwanza kama imechorwa kwa mkono au imechapwa. Wauzaji hujibu wanavyotaka. Mmoja huandika "mchoro halisi wa mkono", mwingine "chapa ya kale", na mnunuzi anabaki njia panda.

Majibu yote mawili yana haki yake, na mkanganyiko unaanzia hapo hapo. Mistari ya picha hiyo ilichapwa kwa mashine, mamia au maelfu ya nakala kutoka bamba moja. Rangi haikuchapwa. Iliwekwa kwa brashi, karatasi baada ya karatasi, na mtu aliyeketi mezani akiwa na maji, kibao cha rangi na nakala ya kuigiza. Kwa hiyo kila nakala ina mistari ileile, lakini rangi yake ni yake peke yake. Ukilishika jambo hili moja, mengi yanayotatiza kuhusu picha hizi yanafunguka: kwa nini nakala mbili za picha moja hazifanani, kwa nini majani ya mti wa kijani yanaonekana ya buluu leo, na kwa nini picha iliyochapwa mwaka 1771 inaweza kuwa na rangi iliyowekwa juzi.

Kutoka mtini hadi kwenye bamba

Kazi ilianza na mchoraji. Kama bahati ilikuwa yake, alikaa mbele ya mti ulio hai. Kama haikuwa yake, aliletewa tawi lililokaushwa na kubanwa kati ya karatasi. Kwa mti unaochanua tofauti hiyo ni kubwa mno, kwa sababu ua kavu huhifadhi umbo lake kwa kiasi fulani tu, na rangi yake hupotea. Nyekundu hugeuka kahawia, nyeupe hugeuka manjano iliyochafuka, na kilichokuwa kimeinama kwa uzito wake chenyewe hubaki kimelala bapa.

Georg Dionysius Ehret, mtoto wa mtunza bustani kutoka Heidelberg, aliijua thamani ya ua hai kuliko wengi. Mwaka 1737, magnolia ya Marekani, Magnolia grandiflora, ilichanua katika bustani ya Charles Wager huko Fulham, karibu na London. Ehret alikuwa akiishi Chelsea. Alitembea kwa miguu kwenda bustanini siku baada ya siku, akilichora ua tangu likiwa tumba lililofunga hadi lilipofunguka kabisa. Ua la magnolia hiyo linaweza kufikia upana wa sentimita 30, na halikai katika hali moja kwa muda mrefu. Mchoraji anayefika mara moja tu hupata saa moja ya maisha ya ua. Anayerudi kila siku huelewa petali ipi hufunguka kwanza, ipi hubaki imekumbatia stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, na weupe wa maziwa huanza lini kuingia ukahawia. Ehret ndiye pia aliyechora magnolia iliyomo katika kitabu kikubwa cha Mark Catesby kuhusu mimea na wanyama wa Carolina, Florida na visiwa vya Bahamas, chenye picha 220. Hapo ua jeupe limewekwa juu ya mandhari meusi. Uamuzi huo ninauheshimu sana, kwa maana ua jeupe juu ya karatasi nyeupe ni mtihani ambao wachoraji wengi waliukwepa kwa kulizungushia kivuli hafifu cha kijivu tu.

Mchoro wa mchoraji, hata uwe mzuri namna gani, ulikuwa mmoja. Ili uwafikie watu wengi ulihitaji mtu wa pili, mchongaji. Alihamisha mistari kwenye bamba la shaba, akiichimba kwa patasi nyembamba ya chuma au kwa asidi, na aliichora kinyume ili ikichapwa itoke sawa. Bamba lilipakwa wino, likafutwa mpaka wino ubaki ndani ya mifereji tu, kisha likawekewa karatasi yenye unyevu na kupitishwa kati ya roli mbili nzito. Karatasi iliingia ndani ya mifereji na kuuvuta wino. Ndiyo sababu picha za shaba huacha bonde dogo la mstatili kuzunguka mchoro, pale kingo za bamba zilipoikandamiza karatasi, na ukipitisha kidole taratibu juu ya mistari mizito unaweza kuuhisi wino umeinuka.

Maria Sibylla Merian, aliyekaa Surinam kati ya 1699 na 1701 na kutoa kitabu chake cha wadudu na mimea ya huko mwaka 1705, alitumia ujanja mmoja wa kupendeza. Kwa baadhi ya nakala alichukua chapa ambayo wino wake haujakauka, akailalia karatasi nyingine safi juu yake, akazipitisha tena kwenye mashine. Karatasi hiyo ya pili ilipata picha iliyogeuzwa, yenye mistari laini na hafifu, bila bonde la bamba. Rangi za maji zilipowekwa juu yake, mistari ilizama ndani ya rangi na picha ikaonekana kana kwamba imechorwa moja kwa moja. Kwa hiyo mtu akikutana na picha mbili za Merian zinazotazama pande tofauti, asiharakishe kudhani moja ni ya kughushi.

Litografia, iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Bavaria mwishoni mwa miaka ya 1790, ilibadilisha hatua hii ya pili. Mchoraji alichora kwa kalamu yenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa. Jiwe lililoloweshwa lilikataa wino pasipo mafuta na kuukubali penye mafuta. Mchongaji hakuwa wa lazima tena. Walter Hood Fitch, aliyechora maelfu ya picha za mimea katika karne ya 19, alikuwa na mkono mwepesi kiasi cha kuweza kuchora juu ya jiwe lenyewe. Lakini rangi bado iliwekwa kwa brashi, vilevile kama zamani.

Chini kabisa ya picha, kwa herufi ndogo sana, mara nyingi kuna majina. Jina linalofuatwa na "del." ni la aliyechora. Linalofuatwa na "sc." au "sculp." ni la aliyechonga bamba. Penye "lith." ni la aliyeandaa jiwe, na "imp." ni la mchapaji. Tafuta sasa jina la aliyepaka rangi. Kwa kawaida halipo. Yule ambaye kazi yake ndiyo inayokuvutia kwanza ukiwa bado hatua kumi kutoka ukutani ndiye aliyeachwa bila jina, na kila ninapotazama picha hizi jambo hilo linanigusa upya.

Tawi ambalo halikuwahi kuwepo

Mti una matatizo yake ambayo ua la bustanini halina. Ua dogo la msimu linaingia lote kwenye karatasi, mizizi, shina, majani na mbegu. Mti wa mita kumi hauingii. Tangu zamani wachoraji walikubaliana kuchora tawi moja kwa ukubwa wake halisi au karibu na huo, likiwa limekatwa kwa usafi upande mmoja, na kuuacha mti mzima kwenye maelezo ya maandishi. Ndiyo maana picha nyingi za aina hii hazikuonyeshi kabisa jinsi mti unavyosimama, kivuli chake, wala gome lake.

Tatizo la pili ni wakati. Miti mingi ya nchi za joto huchanua ikiwa imepukutisha majani. Butea monosperma wa India ni mfano mzuri: ukiwa umewaka maua ya rangi ya chungwa, matawi yake karibu hayana jani, na maganda ya mbegu hutokea baadaye. Mtaalamu wa mimea anataka vyote vitatu, ua, jani na tunda, kwa sababu bila hivyo hawezi kuutofautisha mti huo na ndugu zake. Mchoraji basi hukusanya. Anachora ua mwezi mmoja, jani mwezi mwingine, ganda baadaye, kisha anavikutanisha kwenye karatasi moja. Picha inayotokea ni ya kweli katika kila sehemu, lakini tawi lile kwa ujumla wake halikuwahi kuwepo juu ya mti wowote. Msomaji anayelichukulia kama picha ya kamera atajikuta akidhani mti huo huchanua, hutoa majani na kuzaa kwa wakati mmoja.

Zile sehemu ndogo zilizotawanywa chini, ua lililopasuliwa, stameni moja, ovari iliyokatwa, hazikuwekwa kujaza nafasi. Carl Linnaeus, katika mfumo aliouchapisha 1735, aliigawa mimea katika madaraja 24 akitegemea hasa stameni na pistili (viungo vya kike) zake, na Ehret ndiye aliyechora jedwali la madaraja hayo mwaka 1736. Kuanzia hapo picha isiyoonyesha idadi na mpangilio wa stameni ilikuwa na kasoro machoni pa wataalamu, hata maua yake yang'ae vipi. Mara nyingi sehemu hizo ndizo zenye usahihi mkubwa kuliko zote kwenye karatasi, na ndizo ambazo wauzaji wa fremu huzikata ili picha ikae vizuri.

Mkrismasi, yaani Delonix regia, unaonyesha ugumu huu kwa karibu. Asili yake ni Madagascar. Wenceslas Bojer, mtaalamu wa mimea mzaliwa wa Bohemia aliyefanya kazi Mauritius, ndiye aliyeupa jina Poinciana regia, na jina hilo likatangazwa mwaka 1829 pamoja na picha ya rangi katika jarida la kibotania lililoanzishwa London na William Curtis. Tazama ua lake kwa makini. Petali nne ni nyekundu na zimekunjuka mbali na kitovu. Ya tano imesimama, ni kubwa kidogo, na ni nyeupe au ya manjano, imenyunyiziwa madoa na michirizi myekundu. Stameni ni kumi, ndefu, nyekundu. Sasa tazama jani. Uti mmoja una jozi 20 hadi 40 za vikonyo, na kila kikonyo kina jozi 10 hadi 20 za majani madogo kabisa. Jani moja tu linaweza kuwa na vipande zaidi ya elfu moja. Mchongaji anaweza kuvichora vyote akiwa na subira. Aliyepaka rangi hana siku nzima ya kukaa na jani moja, kwa hiyo hupitisha kijani chepesi juu ya safu nzima kwa mkupuo, kisha hurudi na kijani kizito upande wa kivuli. Ukiikuza picha utaona kijani kimevuka mistari na kujaza mianya kati ya majani. Huo si uzembe. Ndivyo mkono wenye haraka na uzoefu unavyofanya kazi, na ukiwa umbali wa kawaida wa kusomea jicho halioni kosa lolote.

Petali ile ya tano ndiyo kipimo changu cha kwanza. Mpakaji rangi aliyefuata vizuri kiolezo, yaani nakala ya kuigiza, aliiacha karatasi yenyewe iwe weupe wake, akaweka manjano kidogo kitovuni na michirizi myekundu kwa ncha ya brashi. Aliyechoka, au aliyepaka miaka mingi baadaye bila kiolezo, aliifunika petali yote kwa nyekundu sawa na zile nne. Mistari iliyo chini yake inabaki ileile katika nakala zote mbili, na mimea miwili inayoonekana si mmoja.

Watu wa brashi

Jarida hilo la Curtis, lililoanza 1787, ndilo mahali pazuri pa kupima ukubwa wa kazi hii. Kila mwezi lilitoa picha tatu za rangi kwa shilingi moja, na katika miaka yake ya mwanzo lilikuwa likitoa nakala 3,000 hivi. Hiyo ni karatasi 9,000 za kupakwa kwa mkono kila mwezi. Wapaka rangi wake walifika takriban 30. Gawanya, na kila mmoja anabeba karatasi 300 kwa mwezi, au kama 12 kwa siku ya kazi, mwezi baada ya mwezi. Kazi hiyo iliendelea hadi 1948, ilipokuwa vigumu kupata watu wa kuifanya. Tangu Curtis hadi wakati huo ni zaidi ya miaka 160 ya brashi.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Mchoraji, au mtu aliyeaminiwa, alipaka rangi nakala moja kwa ukamilifu. Hiyo ndiyo ilikuwa kiolezo. Ilisimamishwa mbele ya meza na wapaka rangi wakaifuata. Mahali pengine kazi iligawanywa kwa rangi, mmoja akiweka kijani cha majani kwenye rundo zima, mwingine akifuata na nyekundu ya petali, wa tatu akimalizia vivuli na ung'avu. Wengi wao walikuwa wanawake, na nyakati nyingine watoto. Walilipwa kwa kazi ya mikono, si kwa elimu ya mimea, na karibu wote hawakuwahi kuuona mti waliokuwa wakiupaka.

Mfano unaonikaa moyoni ni wa Amherstia nobilis, mti wa Burma wenye mashada marefu ya maua yanayoning'inia, mekundu yenye ncha za manjano. Nathaniel Wallich, msimamizi wa bustani ya mimea ya Calcutta, aliufanya ujulikane Ulaya kwa kuuweka mwanzoni kabisa mwa kitabu chake cha mimea adimu ya Asia, ambacho juzuu yake ya kwanza ilitoka 1830. Mchoro ulitoka kwenye mkono wa Vishnupersaud, msanii wa Kihindi ambaye Wallich, tofauti na wengi wa wakati ule, alilitaja jina lake. Maxim Gauci akauhamishia kwenye jiwe London, na wapaka rangi wakauchukua. Mti wenyewe ulichanua Uingereza kwa mara ya kwanza mwaka 1849, katika nyumba ya vioo ya Louisa Lawrence huko Ealing Park. Kwa karibu miaka 20, basi, nyekundu yote ya Amherstia waliyoijua wasomaji wa Uingereza ilitegemea karatasi iliyosafiri kutoka Calcutta na macho ya watu waliokuwa wakiiigiza. Kama nakala moja ina nyekundu ya damu na nyingine ina waridi, hapakuwa na ua la kwenda kuliuliza.

William Roxburgh, aliyefanya kazi pwani ya Coromandel, aliwatumia wasanii wa Kihindi kuchora mimea kwa maelfu, na majina yao karibu yote hayakuandikwa. Picha 300 kati ya hizo zilichapishwa London kati ya 1795 na 1820. Kwa hiyo mchoro ulitoka kwenye mkono uliolijua ua, ukapita kwenye shaba, ukaishia kwenye mkono usiolijua, na majina ya mikono hiyo miwili ya pembeni karibu yote yamepotea.

Kulikuwa na mtu mmoja aliyejaribu kuidhibiti rangi kwa namba. Mchoraji Ferdinand Bauer, akisafiri na mtaalamu wa mimea John Sibthorp katika nchi za mashariki ya Mediterania mwaka 1786 na 1787, hakupoteza muda kupaka rangi porini. Alichora kwa penseli na kuandika namba ndogo juu ya kila jani na petali, kila namba ikimaanisha kivuli fulani cha rangi. Alipokuwa Australia na nahodha Matthew Flinders, kuanzia 1801, namba zake zilifika karibu elfu moja. Aliporudi mezani, hata miaka kadhaa baadaye, aliweza kuirudisha rangi ya ua lililokwisha kuoza zamani. Kitabu kilichotokana na safari ya kwanza kina picha 966, na toleo lake la awali lilikuwa la nakala 25 hivi tu, zilizopakwa kwa uangalifu ambao jarida la kila mwezi lisingeweza kuumudu.

Rangi inavyozeeka

Hata kama mpakaji rangi alifuata kiolezo barabara, tunachokiona leo si alichokiacha. Rangi za maji za wakati ule zilikuwa unga wa rangi uliochanganywa na gundi ya Kiarabu, na kila unga una tabia yake.

Kijani cha majani ndicho kinachodanganya zaidi, kwa sababu mara nyingi hakikuwa rangi moja. Kilitengenezwa kwa kuchanganya manjano na buluu: gamboji, utomvu wa manjano wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki, pamoja na nili au buluu ya Prussia iliyogunduliwa Berlin mwanzoni mwa karne ya 18. Gamboji haipatani na mwanga. Picha ikitundikwa miaka mingi mahali penye jua, manjano huchujuka na buluu hubaki, na majani huanza kuonekana ya buluu iliyopauka. Watu wamewahi kuusifu ubuluu huo kama chaguo la kisanii. Ukitaka kujua ukweli, fungua fremu utazame ukingo uliofichwa chini ya kadibodi. Kijani cha mwanzo mara nyingi bado kipo pale.

Nyekundu pia si moja. Ile iliyotokana na wadudu wa kochinili, waishio kwenye mipungate ya Mexico, ni nzuri ajabu kwa petali kwa sababu inapitisha mwanga, lakini hufifia haraka. Zingefuri, inayotokana na zebaki na salfa, ni nzito na huficha mistari chini yake. Haichujuki kama kochinili, ila inaweza kugeuka nyeusi. Nyeupe ya risasi nayo huwa nyeusi ikipatwa na gesi za salfa hewani, ndiyo maana wakati mwingine ncha za petali zilizopaswa kung'aa zina madoa meusi kana kwamba ukungu umezipata. Kijani cha kutu ya shaba ndicho kibaya kuliko vyote kwa karatasi yenyewe. Huila polepole, na ukiigeuza picha utaona umbo la jani limetokea nyuma kwa rangi ya kahawia. Umbo hilo la nyuma ni ushahidi mzuri kwamba rangi ina umri, maana kuliigiza ni vigumu.

Wapaka rangi walikuwa pia na njia ya kuyapa majani magumu ung'avu wake wa asili, hasa majani kama ya magnolia. Juu ya kijani kizito waliweka tabaka la gundi tupu. Ishike picha mlalo karibu na dirisha na mwanga upige kwa ubavu, utaona majani yanang'aa na karatasi iliyobaki haing'ai. Skani za kwenye intaneti hazionyeshi jambo hili hata kidogo.

Rangi ya lini?

Sasa tunaweza kulijibu swali la mnunuzi kwa utaratibu. Kwanza lenzi. Kama rangi inaonekana kama vitone vidogo vilivyopangwa kwa mpangilio sawa, hiyo ni picha ya kiwandani iliyotokana na kamera, hata karatasi yake iwe imepauka kiasi gani. Kama rangi zimejengwa kwa vitone na chembe zisizo na mpangilio, zikiwa zimekaa kila moja mahali pake bila tone la maji, huenda ni kromolitografia, ambapo kila rangi ilikuwa na jiwe lake. Hizo ni za kale kweli, hasa kuanzia katikati ya karne ya 19, na nyingine zilimaliziwa kwa brashi, lakini kuziita picha zilizopakwa kwa mkono ni kupotosha. Rangi ya brashi hujionyesha kwa ukingo mzito pale maji yalipokaukia, kwa kuvuka mstari hapa na kupungukiwa pale, na kwa kubadilika wingi ndani ya petali moja.

Kugundua brashi hakutoshi, kwa sababu picha nyingi ziliuzwa bila rangi. Vitabu kama vya Merian vilipatikana kwa namna zote mbili, na zenye rangi zilikuwa ghali zaidi. Baadaye, soko lilipopenda rangi, zile tupu zilipakwa upya. Bamba nazo ziliishi kuliko wenye nazo: Catesby alifariki 1749, lakini mabamba yake yalitumika tena kwa toleo la 1754 na la 1771. Mistari ni yake. Rangi ya toleo la mwisho hakuisimamia.

Karatasi husaidia hapa. Iinue kwenye mwanga utafute chapa ya maji, alama iliyomo ndani ya karatasi yenyewe. Kuanzia 1794 watengenezaji wa karatasi wa Uingereza, James Whatman akiwemo, walianza kuweka mwaka ndani ya chapa hiyo. Mwaka huo haukuambii picha ilichapwa lini, ila unakuambia haikuchapwa kabla ya hapo, na picha inayodaiwa kuwa ya 1780 juu ya karatasi ya 1805 imejieleza yenyewe. Kisha tazama madoa ya kahawia ya uzee. Kama rangi imepita juu ya doa, doa lilitangulia. Maabara inaweza kwenda mbali zaidi: nyeupe ya titani haikuwa sokoni kabla ya karne ya 20, na buluu na kijani vya ftalosayanini ni vya miaka ya 1930, kwa hiyo vikigunduliwa ndani ya jani la 1830 hakuna mjadala.

Bonde la bamba ni alama nzuri, lakini lisitegemewe peke yake. Litografia hainalo, na kurasa ndogo za majarida zilikatwa kingo wakati wa kujalidiwa hadi bonde likaondoka pamoja na vipande hivyo.

Nakala ipi iaminiwe

Ni kawaida siku hizi kukutana na picha hizi kwenye skrini kwanza. Biodiversity Heritage Library, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya viumbe, imeweka mamilioni ya kurasa wazi kwa yeyote, na hiyo ni neema ambayo wanafunzi wa mimea wa zamani hawakuiota. Lakini kila skani ni ya nakala moja, kutoka maktaba moja, yenye historia yake ya jua na unyevu, kisha imepita kwenye kamera na skrini. Inaposambaa maelfu ya mara, rangi ya nakala hiyo moja huanza kuchukuliwa kuwa rangi ya mti.

Dawa yake ni maandishi. Karibu kila picha ilitoka na ukurasa wa maelezo, na mwandishi wa ukurasa ule aliandika rangi kwa maneno: petali nyekundu kali, ya juu nyeupe yenye michirizi, upande wa chini wa jani wenye vumbi la kutu. Maneno hayachujuki. Kwa sababu hiyo ninauona ule ukataji wa vitabu ili kuuza picha moja moja kuwa hasara kubwa kuliko inavyosemwa. Picha inaenda ukutani, maelezo yanatupwa, na pamoja nayo kunatoweka kitu cha kwanza kinachoweza kuisahihisha rangi.

Baada ya maandishi zifuatie nakala nyingine za picha ileile, tatu au nne kutoka maktaba tofauti zikiwekwa pamoja. Kinachojirudia katika zote ndicho kilichokuwa kwenye kiolezo. Baada ya hizo, mchoro wa awali kama upo. Bustani ya mimea ya Kew, London, inahifadhi michoro mingi ya jarida la Curtis, na hapo unaweza kuona rangi kabla haijapita kwenye meza ya watu 30. Mwisho, sampuli iliyokaushwa, ambayo haina rangi ya kuaminika lakini ina stameni za kuhesabika. Kanuni za majina ya mimea zinaipa sampuli hiyo uzito mkubwa zaidi: kwa majina ya zamani picha inaweza kusimama kama kielelezo rasmi pale ambapo hakuna tawi lililohifadhiwa, lakini kwa majina mapya ya miti, kuanzia Januari 1, 2007, picha peke yake haitoshi tena.

Aliye na nakala yake nyumbani aiweke mbali na dirisha, nyuma ya kioo kinachozuia miale ya urujuanimno, na isigusane na kioo chenyewe. Makumbusho huzipa karatasi za namna hii mwanga usiozidi lux 50 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), tena kwa miezi michache tu, kisha huzirudisha gizani. Mistari ya wino wa kaboni itastahimili hata kwa uzembe. Gamboji na kochinili hazistahimili, na zikishaondoka hakuna njia ya kuzirudisha isipokuwa kupaka upya, na hapo rangi inakuwa ya mtu mwingine.